Mkono Utoao na Mkono Upokeao: Uhusiano wa Kanisa la Kilutheri na Wafadhili Wake

Utangulizi

Historia ya usharika uliotimiza miaka mia moja huandikwa mara nyingi kwa kutaja majengo. Hutajwa kanisa la kwanza la miti na nyasi, kisha kanisa la mawe, kengele iliyoletwa kwa meli, shule, zahanati na nyumba ya mchungaji. Hata hivyo nyuma ya kila jengo kuna jambo lisiloonekana kwa macho, nalo ni uhusiano kati ya watu waliotoa na watu waliopokea, ambao mara nyingi hawakupata kuonana uso kwa uso. Mahali ambapo uhusiano huo ulitunzwa, kazi iliendelea hata pale vita, njaa na mabadiliko ya serikali yalipokata njia za fedha. Mahali ambapo haukutunzwa, yalibaki magofu na vyuma vya mashine vyenye kutu.

Sura hii inaeleza jinsi Walutheri, tangu zamani za Halle hadi siku hizi za sharika rafiki, walivyojifunza kujenga na kulinda uhusiano huo. Inaeleza pia mahali walipoteleza, maana historia isiyotaja mateleza haimsaidii anayekuja nyuma.

Chanzo katika mji wa Halle

Mwaka 1695, wakati wa Pasaka, August Hermann Francke, mchungaji wa Glaucha karibu na mji wa Halle huko Ujerumani, alikuta katika sanduku la sadaka lililokuwa nyumbani kwake thaler nne na groschen kumi na sita. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa sadaka kubwa kutoka kwa mtu mmoja. Francke angeweza kuwagawia maskini chakula, nazo zingekwisha kwa siku chache. Badala yake alinunua vitabu na kumwajiri mwanafunzi maskini wa chuo kikuu awafundishe watoto waliokuwa wakirandaranda mitaani. Kutokana na mwanzo huo mdogo ilikua kazi kubwa ya nyumba ya yatima, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1698, pamoja na shule zilizokuwa na watoto zaidi ya 2,000 Francke alipofariki mwaka 1727.

Kilichoikuza kazi hiyo kilikuwa imani na maombi, lakini pia utaratibu wa kutoa taarifa. Mwaka 1701 Francke alichapisha maelezo ya jinsi nyumba ya yatima ilivyoanza na jinsi sadaka zilivyokuja katika saa za uhitaji. Waliosoma walijua kwamba mchango wao haukupotea, na wengine waliokuwa mbali kabisa na Halle wakaanza kutoa.

Njia hiyo ndiyo iliyotumika katika misioni ya kwanza ya Kilutheri huko India. Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau, waliotumwa na mfalme wa Denmaki, walifika Tranquebar mwaka 1706. Barua zao zilichapwa Halle kuanzia mwaka 1710 na kusambazwa kwa marafiki wa misioni. Tafsiri ya baadhi ya barua hizo ilisomwa London, na chama cha Waanglikana cha kueneza maarifa ya Kikristo kikaguswa kiasi cha kupeleka mtambo wa kuchapia vitabu. Agano Jipya la Kitamili lilichapwa Tranquebar na kukamilika mwaka 1715. Barua iliyoandikwa kwa uaminifu ilivuka mipaka ya nchi na ya madhehebu, ikaleta msaada ambao hakuna aliyeuomba kwa jina.

Hata hivyo, kazi hiyo hiyo iliona upande mwingine wa ufadhili. Bodi ya misioni iliyoundwa Copenhagen mwaka 1714 ilikuwa na katibu aliyeamini kwamba wamisionari wanapaswa kuishi kama mitume, bila kushughulika na majengo na shule. Barua za lawama zilimfikia Ziegenbalg, mtu aliyejua kwa macho yake kwamba watoto wa Tranquebar walihitaji shule. Aliumia sana, akafariki mwaka 1719 akiwa bado kijana. Tangu mwanzo, basi, Walutheri walikwisha kuona kwamba anayeshika mfuko akiwa mbali aweza kuumiza kazi aipendayo, ikiwa hamsikilizi aliye shambani.

Barua za wamisionari na senti za maskini

Chama cha Misioni cha Leipzig, kilichoanzishwa Dresden mwaka 1836, kilirithi kazi ya Tranquebar, na pamoja nayo kilirithi desturi ya kuandika. Wamisionari wake walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 na kuanza kazi Machame, waliandika habari za safari, za wagonjwa, za shule na za ubatizo, nazo zikachapwa katika gazeti la misioni. Waliozisoma hawakuwa matajiri peke yao. Walikuwa wakulima, mafundi, wajane na watoto wa shule ya Jumapili, ambao sadaka zao zilikusanywa katika sikukuu za misioni.

Huko Bethel, Friedrich von Bodelschwingh, aliyeanza kuwaongoza watumishi wa wagonjwa wa kifafa mwaka 1872, alikuwa stadi wa kuomba kwa ajili ya wengine. Hakudharau kitu. Mwishoni mwa karne ya 19 alianzisha ukusanyaji wa mabaki, yaani nguo na vyombo vilivyotumika, akifuata neno la Bwana kwamba vipande visipotee. Bethel pia ilijijengea desturi ya kumshukuru kila mtoaji kwa barua, awe ametoa kingi au kidogo. Mkono uliotoa senti ulipata jibu kama mkono uliotoa dhahabu. Kutoka katika mazingira hayo walitumwa Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, walioanza kazi Mlalo katika milima ya Usambara mwaka 1891, na baadaye, mwaka 1910, kazi ya Bethel ikafika Bukoba.

Kasoro ya taratibu hizo haina budi kutajwa. Barua zilizokwenda Ulaya ziliandikwa kwa Kijerumani na mgeni. Mkristo wa Machame au Mlalo hakujua ni nini kilichoandikwa juu yake, wala hakuulizwa. Mtoaji alimfahamu mmisionari, na mpokeaji alimfahamu mmisionari, lakini wao wawili hawakufahamiana. Daraja lilikuwa mtu mmoja. Mtu huyo alipoondolewa, pande mbili zilibaki zikitazamana bila njia.

Mtoaji wa kwanza yu nyumbani

Ni kosa kudhani kwamba fedha zote zilitoka ng'ambo. Wazee waliokata miti, akina mama waliosomba mawe na maji kwa vichwa, na vijana waliofyatua matofali walikuwa wafadhili, ingawa majina yao hayakuandikwa katika daftari lolote. Baada ya zao la kahawa kushika mizizi Kilimanjaro na Bukoba, sadaka ya fedha iliongezeka. Mahali pasipo na kahawa zilikuja ndizi, mahindi, mayai, kuku na mbuzi, na mnada baada ya ibada ukawa sehemu ya maisha ya usharika. Sikukuu ya mavuno imebaki hadi leo kuwa siku ambayo asiye na shilingi naye husimama mbele ya madhabahu akiwa na kitu mkononi.

Jambo hili lina uzito katika uhusiano na marafiki wa mbali. Wajumbe wa ng'ambo wanapofika na kukuta msingi umekwisha kuchimbwa na mawe yamekwisha kusombwa, huelewa kwamba wanaalikwa kujiunga na kazi iliyokwisha kuanza. Wanapokuta uwanja mtupu na hotuba ndefu ya maombi, huelewa jambo lingine. Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na wazee wa kanisa wenye busara wamelitumia neno hilo katika vikao vingi vya bajeti.

Miaka ya uyatima

Vita vya Kwanza vya Dunia vilitikisa kila kitu. Mwaka 1920 wamisionari wa mwisho wa Leipzig walilazimika kuondoka Kilimanjaro. Katika miaka iliyofuata Sinodi ya Augustana ya Marekani, iliyotokana na wahamiaji kutoka Sweden, ilikuja kusaidia, na Wajerumani waliporudi, Wamarekani hao wakaelekea Iramba na sehemu nyingine za Singida. Walikuwa hawajazoea vyema, Vita vya Pili vikaanza mwaka 1939. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa, fedha kutoka Ujerumani zikakatika, na sharika za Kaskazini, Usambara, Uzaramo, Kusini na Bukoba zikaitwa misioni yatima.

Katika saa hiyo mambo mawili yalionekana. La kwanza, wachungaji, wainjilisti na walimu wenyeji waliendelea na kazi, wengi wao kwa mshahara mdogo sana au bila mshahara, wakilishwa na washarika wao. La pili, ndugu ambao hawakuwa na wajibu wowote wa kisheria walijitokeza. Augustana, yenye watumishi wachache, ilikubali kuangalia maeneo makubwa yaliyokuwa ya Wajerumani. Misioni ya Kanisa la Sweden ilisaidia, na Bengt Sundkler akafanya kazi Bukoba kuanzia mwaka 1942. Makanisa hayo yalisaidia kazi iliyoanzishwa na taifa lingine, tena wakati taifa hilo lilikuwa vitani na sehemu kubwa ya dunia.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, mambo yaligeuka. Ujerumani, iliyokuwa ikituma, ikawa yenye njaa na magofu, na Walutheri wa Marekani na wa nchi za Skandinavia wakapeleka chakula na nguo. Mwaka 1959 makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani yalianzisha mchango wa Mkate kwa Ulimwengu, na shukrani kwa msaada waliopokea baada ya vita ilikuwa mojawapo ya sababu. Wale waliopewa mkate walikumbuka jinsi mkono mtupu unavyohisi, wakatoa. Kwa sababu hiyo hakuna kanisa linaloweza kujiita mtoaji wa milele, wala kanisa la kujiita mpokeaji wa milele.

Kutoka misioni hadi Kanisa

Fungamano la Kilutheri Duniani liliundwa Lund, Sweden, mwaka 1947. Mwaka 1955 Walutheri kutoka sehemu mbalimbali za Afrika walikutana Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, wakajadili mambo yao wakiwa makanisa. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, ambalo baadaye liliitwa KKKT, na Askofu Stefano Moshi akawa mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1977 Mkutano Mkuu wa Fungamano ulifanyika Dar es Salaam, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza katika nafasi hiyo.

Mabadiliko hayo yaligusa pia mfuko. Zamani kila eneo lilikuwa na chama chake ng'ambo, na eneo lenye marafiki wengi lilipata mengi, wakati jirani yake alikosa. Kuanzia miaka ya 1970 kilikuwapo chombo cha pamoja kilichowaketisha KKKT na mashirika ya Ulaya na Marekani katika meza moja, na kazi hiyo ikaendelezwa baadaye na chombo kijulikanacho kwa kifupi kama LMC. Katika meza hiyo mahitaji yaliwekwa wazi, na kila upande ulisikia ulichoahidi mwenzake.

Somo jingine lilitoka hospitalini. KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, ilijengwa kwa michango mikubwa ya marafiki wa nje. Kujenga ni kazi ya miaka michache, lakini dawa, mishahara na matengenezo ni kazi ya kila siku. Ndiyo maana makubaliano mema kati ya mfadhili na kanisa hueleza tangu mwanzo ni nani atakayebeba gharama baada ya utepe kukatwa.

Sauti zilizosema kweli

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliifanya kujitegemea kuwa neno la kila siku nchini Tanzania, na Kanisa halikuweza kujificha mbele ya swali hilo. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, akiwa Marekani, alipendekeza kwamba wamisionari na fedha kutoka nje visimame kwa muda, ili makanisa ya Afrika yapate kujitambua. Mwaka 1974 Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote huko Lusaka ukaliunga mkono wazo hilo. Wengi walishtuka. Makanisa mengi hayakulifuata, yakiogopa shule na hospitali kufungwa, lakini baada ya hapo mazungumzo na wafadhili hayakuwa tena yale yale.

Kwa Walutheri, sauti yenye kina zaidi ilitoka Ethiopia. Mwaka 1972 Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesus, ambalo katibu wake mkuu alikuwa Mchungaji Gudina Tumsa, liliwaandikia Fungamano la Kilutheri na wafadhili wake. Lilieleza kwamba wafadhili walikuwa tayari kulipia miradi ya maendeleo, lakini hawakuwa tayari kusaidia uinjilisti na mafunzo ya watumishi, ingawa kanisa lilikuwa likikua kwa kasi. Lilisema kwamba kumgawanya mwanadamu kati ya mwili na roho ni desturi ya wafadhili, wala si desturi ya Waafrika. Kanisa hilo halikuwa tajiri, na lingeweza kunyamaza ili lisikatiwe misaada. Barua ilisomwa kwa makini, na mwaka 1974 ukaitishwa mkutano wa mashauriano Nairobi kuhusu jambo hilo hilo. Uhusiano haukuvunjika kwa sababu ya ukweli, bali ulipata heshima mpya.

Bega kwa bega

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Dayosisi ya Iringa na Sinodi ya Saint Paul, jimboni Minnesota, Marekani, zilianza ushirikiano ulioitwa kwa Kiswahili Bega kwa Bega. Usharika wa huku uliunganishwa na usharika wa kule. Walianza kuombeana kwa majina, kuandikiana na kutembeleana, na kusaidia karo za wanafunzi wa sekondari. Jina lenyewe linafundisha, kwa kuwa watu wawili wanaobeba mzigo bega kwa bega hawatazamani kwa juu na chini.

Ushirikiano wa namna hiyo, ambao dayosisi nyingine zinao pia na sharika na majimbo ya Ujerumani na nchi za Skandinavia, uliziba ufa wa zamani wa daraja la mtu mmoja. Mgeni hulala katika nyumba ya mshariki, hula ugali na mboga, huona watoto wakienda kuteka maji. Mshariki wa huku naye hufika kule akakuta makanisa yenye viti vingi na watu wachache, wazee wanaoishi peke yao, na ndugu wanaohitaji kuombewa. Hapo ndipo wa huku hutambua kwamba naye ana kitu cha kutoa.

Ushirikiano huu una hatari zake. Usharika wenye rafiki hupaa, na ule wa bondeni usio na rafiki hubaki nyuma. Msaada unaopitia kwa mtu mmoja mwenye kujua Kiingereza huweza kugeuka kuwa mali yake. Kwa hiyo dayosisi zilizofanikiwa ziliweka kamati, zikataka barua zote zipitie ofisini, na zikahimiza sharika zenye nacho zikumbuke zisizo nacho.

Jaribu jingine lilikuwa la mafundisho. Mwaka 2010 maaskofu wa KKKT walitoa Tamko la Dodoma, wakieleza msimamo wao kuhusu ndoa, uliokuwa tofauti na uamuzi wa baadhi ya makanisa rafiki ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2013 Kanisa la Mekane Yesus lilikata uhusiano na makanisa mawili ya namna hiyo. KKKT ilishika msimamo wake bila kuvunja kila uhusiano, na sharika nyingi zikaendelea kutembeleana. Palipokuwa na watu waliofahamiana kwa miaka mingi, waliweza kutofautiana na bado wakaketi pamoja. Palipokuwa na hundi tu, hapakuwa na la kuzungumza.

Hesabu mbele za Mungu na watu

Mtume Paulo alipokusanya changizo la Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakubeba fedha peke yake. Aliambatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili pasiwe na wa kumlaumu. Utaratibu huo ni wa kale kuliko stakabadhi na wakaguzi wa hesabu, nao haujapitwa na wakati.

Uzoefu wa sharika nyingi waonyesha kwamba urafiki na wafadhili hauharibiwi sana na umaskini, wala na mradi kushindwa kwa sababu ya ukame au bei kushuka. Huharibiwa na ukimya. Fedha ya kisima ikitumika kuezeka darasa lililoezuliwa na upepo, huenda sababu ilikuwa njema, lakini mtoaji akiligundua mwenyewe miaka miwili baadaye, hataamini tena hata lile lililo kweli. Barua moja iliyoandikwa siku paa lilipoezuliwa, ya kueleza na kuomba ruhusa, ingeuokoa uhusiano na kisima pia. Vivyo hivyo mfadhili anayebadili masharti katikati ya mwaka, au anayeacha kutoa bila kuaga, humwacha mhazini wa usharika akibeba lawama mbele ya mafundi wasiolipwa.

Shukrani nayo ni sehemu ya hesabu. Kumshukuru mtu kabla ya kumwomba tena, kumtajia mtoto aliyemaliza shule kwa mchango wake, na kumwandikia hata mwaka ambao hakutoa kitu, ni mambo yasiyohitaji bajeti. Asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hatashukuru.

Hitimisho

Katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani idadi ya washarika imekuwa ikipungua, na sadaka ya misioni pamoja nayo. KKKT, iliyoanza na makanisa saba, imekuwa na dayosisi zaidi ya 20 na washarika wengi wanaomudu kutoa. Kizazi kinachoanza karne ya pili, basi, hakitaweza kuishi kwa kurudia maombi ya wazazi wake. Kitapaswa kuwatunza marafiki wa zamani kwa ajili ya udugu, hata pale ambapo hakuna fedha itakayokuja, na kitapaswa kuwa mfadhili wa wengine, kuanzia na usharika ulio jirani usio na bati.

Kwa wote waliotoa, wa karibu na wa mbali, waliotajwa katika vitabu na wasiotajwa, waliosomba mawe na waliotia senti katika sanduku la misioni, Kanisa linasema asante. Sifa na utukufu una Mungu, aliye mtoaji wa vyote.